Mara 11, watu 46: huduma ya chembe sahani kwa binti yangu

Nimelitumikia jeshi la Uganda miaka 22, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa ya kitabu cha langoni: gari limetoka saa ngapi, limerudi saa ngapi, dereva nani. Kwa hiyo binti yangu alipolazwa mwezi wa pili, nilinunua daftari nje ya lango la hospitali kabla hata ya beseni na sabuni. Nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto naandika saa ambayo daktari ametia saini fomu ya kuomba chembe sahani, zile chembe za damu zinazozuia mtu kuvuja damu. Kulia naandika saa ambayo tone la kwanza limeingia mkononi mwa mtoto. Maoni yangu yote kuhusu huduma hii yanatoka kwenye safu hizo mbili.

Hospitali sitaitaja. Ni kubwa, iko Kampala, na waliokosea mle ndani ndio haohao waliompigania mtoto wangu.

Ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Ilianza kwa madoa madogo mekundu miguuni, hayawashi, na ukiyabonyeza hayapotei. Mama yake alidhani ni mbu. Kisha fizi zikawa zinatoa damu akipiga mswaki, kisha hedhi ikaenda siku 16. Kliniki ya kwetu Bombo walipima malaria, maana malaria nayo hushusha chembe sahani, hawakuiona. Damu ilipopimwa Kampala jibu likarudi: chembe sahani 6,000. Mtu mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Daktari alitoboa mfupa wa nyonga, akavuta uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, akatuambia kwamba uboho umeacha kutengeneza damu, kuanzia nyekundu, nyeupe, hadi chembe sahani. Ugonjwa wenyewe unaitwa aplastiki anemia. Akaanzishiwa vidonge vya siklosporini, ambavyo huchukua miezi kabla havijaonyesha kazi. Katika miezi hiyo binti yangu ameishi kwa chembe za watu wengine.

Manesi husema plateleti. Vitabu vya shule vinasema chembe sahani. Akina mama wa wodini wanasema damu ya njano, na wao ndio wanaoutaja mfuko kama unavyoonekana: maji ya rangi ya ndizi mbivu, yenye ukungu kidogo. Sista akiuinua kwenye mwanga na kuuzungusha polepole, ndani yake hutokea mawimbi kama moshi. Alinifundisha kwamba mawimbi hayo ni dalili ya chembe zilizo hai. Tangu siku hiyo kila mfuko nimeuangalia mwenyewe kabla haujatundikwa, na hakuna sista aliyenikatalia. Hilo nawashukuru kwa dhati.

Sasa daftari. Binti yangu ameongezewa chembe sahani mara 11. Muda mfupi kuliko wote, kutoka saini hadi tone, ulikuwa saa 3 na dakika 20. Mrefu kuliko wote ulikuwa saa 31. Nyingine zote ziko kati ya saa 5 na saa 9. Mtu aliyezoea kuona damu nyekundu ikitolewa kwenye friji ya hospitali na kutundikwa ndani ya saa moja ataona huu ni uzembe. Nami niliona hivyo wiki ya kwanza. Nilimfuata fundi wa maabara mpaka mlangoni kwake nikiwa na daftari mkononi, akaniita ndani, akanionyesha.

Damu nyekundu hukaa kwenye baridi wiki 5. Chembe sahani hukaa siku 5. Na katika hizo siku 5, ya kwanza, pengine na ya pili, huliwa na vipimo vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kinachobaki ni kama siku 3. Hakuna hospitali inayoweza kuweka akiba kubwa ya kitu cha siku 3, maana kisipopata mgonjwa kinamwagwa. Kwa hiyo mara nyingi fomu ya daktari inapotiwa saini, mfuko wenyewe haumo hospitalini. Unatafutwa benki ya damu, na kama nako umekwisha, unasubiri mtu anyooshe mkono wake kwenye kiti cha kuchangia.

Chumbani kwa fundi kuna rafu ya chuma inayotikisika usiku na mchana, taratibu, kama ungo mikononi mwa mtu anayepepeta mchele bila haraka. Mifuko hulala juu yake kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24. Zikitulia, chembe hushikana na kufa. Umeme ukikatika, fundi huyu hukaa hapo akiigeuza mifuko kwa mkono mpaka jenereta iwake. Nimemkuta akifanya hivyo mara mbili, mara moja ikiwa saa 9 usiku. Maabara naipa alama 9 kati ya 10, na ile moja iliyobaki si kosa lake, ni ya simu ya maabara ambayo haipokelewi wakati wa kubadilishana zamu.

Saa 31 zilikuwa hivi. Ilikuwa mara ya 8, hesabu yake ilikuwa 4,000, na pua ilikuwa imetoka damu tangu mchana. Mifuko 4, dozi yake ya kawaida, ilifika wodini saa 5 usiku. Saa hiyohiyo kitanda cha mlangoni walikuwa wanahangaika na mgonjwa mwingine aliyezidiwa, na aliyeipokea mifuko alikuwa mgeni wodini. Akaiweka kwenye friji pamoja na damu nyekundu, iwe salama mpaka sista apate nafasi. Mimi nilikuwa sakafuni kando ya kitanda, naambiwa bado haijafika. Saa 12 asubuhi sista wa zamu mpya alifungua friji, akasimama pale bila kusema neno. Akampigia fundi. Fundi akasema imwagwe, akaanza kutafuta mingine.

Sijawahi kupiga kelele hospitalini isipokuwa asubuhi ile. Baadaye nilikwenda kuuliza kwa nini baridi inaziua chembe hizi, ilhali vitu vingine inavihifadhi. Fundi akanieleza kwamba hata wataalamu waliamini hivyo kwa miaka: chembe sahani nazo ziliwekwa kwenye baridi ya nyuzi 4 kama damu nyekundu. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Scott Murphy na Frank Gardner, walichapisha matokeo kwamba zilizokaa kwenye joto la chumbani huishi siku nyingi zaidi zikiingia mwilini. Zilizopoa hubadilika umbo, na mwili huzikamata na kuziondoa upesi. Kwa mtu ambaye jeraha lake linavuja palepale, za baridi bado zina kazi, na jeshi la Marekani limezitumia hivyo kwa majeruhi. Lakini binti yangu hakuhitaji chembe za saa chache. Alihitaji za kumvusha siku kadhaa.

Mkuu wa wodi alikuja kitandani kwetu mchana ule, akaomba radhi mbele ya wagonjwa na wauguzaji wote, akamwita mtoto kwa jina lake. Siku mbili baadaye mlango wa friji ulibandikwa karatasi ya lugha tatu. Kiganda na Kiingereza waliandika wao. Kiswahili waliniomba mimi: CHEMBE SAHANI HAZIINGII HUMU. MPE SISTA MKONONI. Bado ipo. Wodi ya mchana naipa 8. Wodi ya usiku naipa 4, na sababu kubwa ni kwamba sista mmoja na msaidizi mmoja hawawezi kuangalia vitanda 28.

Kuna siku nyingine niliyokasirika bila haki, na nataka wazazi wenzangu waisome vizuri. Hesabu ilikuwa 13,000. Nilijua maana ya namba sasa, nikataka fomu iandikwe. Daktari akakataa. Nikamwambia: Daktari, hamumwongezei kwa sababu hamna. Akavuta kiti, akakaa. Akaniambia kwamba zamani mpaka uliokuwa ukifuatwa ulikuwa 20,000, mgonjwa akishuka chini yake anaongezewa hata kama hatoki damu. Mwaka 1997 madaktari wa Italia, Paolo Rebulla na wenzake, walilinganisha wagonjwa wa saratani ya damu waliosubiri mpaka 10,000 na walioongezewa kwenye 20,000. Kuvuja damu kwingi hakukutofautiana, na wa kwanza walitumia mifuko michache. Binti yangu siku hiyo hakuwa na homa wala hakutoka damu popote. Kila mfuko una hatari yake, akasema, na mwili ukizoeshwa chembe za watu wengi unaweza kujifunza kuzikataa, halafu siku ya kuvuja damu kweli tukakosa zinazofanya kazi. Tukasubiri siku 2. Alishuka mpaka 9,000, akaongezewa, hakupata hata doa jipya.

Mwezi wa tano shule zilipofungwa ilikuja mifuko 2 badala ya 4. Wanafunzi wa sekondari ndio wanaoibeba benki ya damu ya nchi hii. Wakirudi nyumbani, mifuko hupungua. Hofu ilinishika. Daktari yuleyule akanionyesha kwamba hilo nalo limepimwa: utafiti mkubwa wa Marekani ulioongozwa na Sherrill Slichter, uliochapishwa 2010, uliwagawa wagonjwa katika dozi ndogo, ya kati na kubwa ya chembe sahani za kuzuia kuvuja damu. Kiwango cha kuvuja damu kilikuwa kilekile. Wa dozi ndogo waliongezewa mara nyingi zaidi, basi. Na kweli, mifuko ile 2 ilitupeleka siku 3 badala ya 5. Nimeandika hayo kwa sababu mzazi anayeona mfuko mmoja mahali pa mitatu hufikiri mtoto wake amepunjwa.

Kitanda cha jirani alilala mvulana wa miaka 6. Hesabu yake ilikuwa 8,000, ndogo karibu kama ya wangu, na hakuna aliyemtundikia mfuko. Mama yake, mwanamke wa Arua, alilia kwangu: Afande, mtoto wako anapewa, wangu kwa nini hapewi? Nikamwomba daktari amweleze nikiwapo, kwa Kiswahili, maana Kiganda cha mama yule ni kidogo. Ugonjwa wa yule mvulana ni mwingine. Uboho wake ni mzima, unatengeneza, lakini kinga ya mwili wake inazila chembe zake mwenyewe. Ukimtilia za mtu mwingine, nazo huliwa upesi, kwa hiyo mfuko huwekwa kwa siku ya kuvuja damu kwa hatari. Dawa yake ni ya kuituliza kinga.

Akamsimulia jinsi ilivyojulikana. Mwaka 1950, mjini St. Louis, daktari kijana William Harrington alitaka kujua kama kinachoua chembe kimo ndani ya damu ya mgonjwa. Akajitilia mwenyewe damu ya mgonjwa mwenye ugonjwa huo. Kwa saa chache chembe zake zikaporomoka chini ya 10,000, akapatwa na degedege, akatokwa na madoa, akalazwa, na baada ya siku kadhaa zikapanda tena. Mama yule alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: Alipona kabisa? Alipona. Mvulana alitoka wiki iliyofuata akitembea, hesabu 70,000, kwa vidonge peke yake. Huduma ya kumweleza mtu jambo mpaka alielewe haimo kwenye fomu yoyote ya kupimia hospitali, lakini mimi naihesabu.

Mara ya 3 binti alianza kutetemeka dakika 10 baada ya mfuko kufunguliwa, joto likapanda mpaka 38.9. Sista alifunga dripu palepale, akapima presha, akauchomoa mfuko na kuurudisha maabara pamoja na damu ya kupima vijidudu. Sikuelewa kwa nini mfuko urudishwe. Sababu ni ileile rafu: kinachokaa kwenye joto la chumbani kinaweza kukuza bakteria, kama chakula kilicholala nje. Jambo hili limechunguzwa hapahapa kwetu. Mwaka 2016 timu ya Heather Hume na Henry Ddungu ilichapisha kazi iliyofanywa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, kuangalia bakteria kwenye chembe sahani na wagonjwa wanavyozipokea. Vipimo vya binti yangu havikuonyesha kijidudu. Ilikuwa homa ya kuupokea mfuko, ikashuka kwa panado. Ila sista alikaa naye dakika zile zote za mwanzo, na ndiyo sababu ilionekana mapema. Kama wewe ni mwuguzaji wa mgonjwa, dakika 15 za kwanza usiende kununua chai.

Pesa. Damu ya benki ya taifa haiuzwi. Nje ya jengo moja kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni aliniomba shilingi 150,000 ili fomu yangu itangulie. Nilimwambia nitaandika jina lake kwenye daftari, nikamwuliza linaandikwaje. Aliondoka. Sikumwona tena, na siku hiyo mfuko ulifika kwa saa 6 kama kawaida. Uongozi niliupelekea habari kwa maandishi. Sijajibiwa mpaka leo.

Sasa nawageukia wachangiaji, hasa ndugu zangu wastaafu. Tulipoanza, wenzangu 12 wa Bombo walijitolea wote wachangie damu kambini siku gari la uchangiaji litakapokuja. Fundi aliwashukuru, kisha akaniambia kitu ambacho sikukisikia popote pengine: damu ile itaokoa wengi, wakina mama wazazi, watoto wa malaria, lakini kwa binti yako huenda isitoe hata mfuko mmoja wa njano. Ili chembe sahani zipatikane, damu lazima izungushwe kwenye mashine ndani ya saa chache tangu itoke mkononi, kwanza polepole kutenga nyekundu, kisha kwa kasi kuzikusanya chembe. Na isiwe imewekwa kwenye barafu kabla ya hapo. Damu iliyochangwa mbali mchana kutwa, ikapangwa kwenye masanduku yenye barafu, ikafika jioni, nyekundu yake ni salama, njano imekwisha.

Kwa hiyo tulikodi takisi, tukatoka Bombo saa 12 asubuhi kabla ya foleni ya Kawempe, tukachangia Nakasero, mlangoni kwa benki yenyewe. Pale sina malalamiko. Walitupima uzito na presha, wakatuuliza maswali faraghani, mmoja mmoja. Walichoma kidole, wakadondosha tone kwenye maji ya buluu: likizama upesi, damu inatosha. Wenzangu wawili matone yao yalielea, wakapewa ushauri wa chakula wakarudishwa kwa heshima. Baada ya kuchangia tulipewa soda na biskuti na kuambiwa tupumzike kwanza. Mwanamume anarudi baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

Mfuko mmoja wa njano unatoka kwa mtu mmoja, na kwa uzito wa binti yangu, kilo 38, walihitaji watu 4 kila mara. Mara 10 mifuko 4, mara moja mifuko 2, na ile 4 iliyomwagwa kwa sababu ya friji: watu 46. Nchi nyingine mashine moja humchukulia mtu chembe za kutosha dozi nzima na kumrudishia damu nyekundu palepale, kwa saa moja na nusu hivi. Kwa mtoto wangu haikutumika hata mara moja. Ningekuwa na sauti pale yanapoamuliwa manunuzi, ningeiomba hiyo kabla ya rangi mpya ya ukuta.

Usafirishaji kati ya benki na wodi naupa 5. Nimehesabu mara 4 ambapo mfuko ulikuwa tayari na kilichokosekana kilikuwa gari. Huduma yote kwa jumla naipa 7, na ningempeleka mtoto wangu palepale tena.

Jana hesabu yake ilikuwa 38,000. Hajaongezewa wiki 5, na siklosporini anaendelea nayo. Safu ya kulia ya daftari iko tupu tangu mwezi uliopita, lakini takisi imeshakodiwa kwa Alhamisi, saa 12 asubuhi, kituo cha Bombo. Nafasi zimebaki 3.